Busaa ya Eastlands: Mambo ambayo mpishi mgeni hujifunza kwanza

MTU anayetaka kujifunza kupika busaa katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi huanza kwa kudhani kwamba kazi yenyewe ni kuchanganya unga na maji, kisha kungoja. Baada ya wiki moja huwa na pipa la uji mkali usionyweka, majirani wanaolalamikia harufu, na kilo kadhaa za mahindi zilizopotea bure. Wanaoijua kazi hiyo hawashangai. Katika Kaloleni, Makongeni, Shauri Moyo, Mathare na Korogocho, upishi wa pombe ya nafaka umerithishwa kutoka kwa mama hadi binti na kutoka kwa jirani hadi jirani. Karibu kila hatua yake ina sababu ambayo mgeni haioni mpaka aikosee.

Baadhi ya makosa hayo humtia mtu hasara ya unga na kuni tu. Mengine huharibu ini, macho na uhai. Ni vyema kuyatenganisha, kwa sababu tangu mwaka 2000 mamia ya Wakenya wamefariki kutokana na vinywaji vilivyoitwa pombe za kienyeji, ilhali kilichowaua hakikutoka kwenye nafaka iliyochachushwa bali katika kemikali za viwandani.

Kazi ya wanawake wa mtaani

Pombe imepikwa Eastlands tangu mtaa wa Pumwani uanzishwe mwanzoni mwa miaka ya 1920. Mtafiti Janet Bujra, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1975, alieleza jinsi wanawake wa Pumwani walivyopata fedha kwa kuuza pombe na kwa njia nyinginezo, na jinsi baadhi yao walivyozitumia kujijengea nyumba za kupangisha, wakati ambapo kazi za mshahara mjini zilikuwa za wanaume. Serikali ya kikoloni haikupendezwa. Wakuu wa mji walipiga marufuku upishi wa majumbani, kisha wakafungua ukumbi wao wenyewe wa pombe huko Pumwani, na faida yake ikatumiwa kugharamia huduma za Waafrika. Pombe ilikuwa ile ile ya nafaka. Kilichobadilika ni mkono uliopokea senti.

Baadaye mitaa ilipopanuka kuelekea mashariki, wafanyakazi wa reli na wa viwandani kutoka Magharibi na Nyanza walikuja na mapishi ya kwao. Ndipo busaa, ambayo Waluhya na Waluo wameipika kwa muda mrefu kwa mahindi na wimbi, ilipokuwa kinywaji cha Eastlands nzima bila kubagua kabila.

Katika miaka ya 1970, mtaalamu wa elimu ya jamii za watu, Nici Nelson, aliishi na kuchunguza maisha ya wanawake wapishi wa busaa katika Bonde la Mathare. Aliyoyaona ni somo ambalo wageni wengi hulikosa hadi leo. Wanawake wale hawakufanya kazi kila mtu peke yake. Mmoja alipopika, aliwauzia wenzake kwa jumla, nao wakauza rejareja katika vyumba vyao. Wiki iliyofuata zamu ilikuwa ya mwingine. Walipashana habari polisi walipokaribia, walichangia kumtoa aliyekamatwa, na walitunziana watoto. Kwa mpango huo, pombe iliuzwa ikiwa bado mbichi na hakuna aliyebaki na pipa linaloharibika. Aliyepika vibaya alijulikana siku hiyo hiyo, kwa kuwa wanunuzi wake wa kwanza walikuwa wapishi wenzake. Ukaguzi wa ubora wa namna hiyo haukuhitaji ofisi.

Kimea ndicho msingi

Jambo la kwanza analopaswa kulielewa mwanafunzi ni kimea. Mahindi yana wanga mwingi, lakini chachu haiwezi kula wanga; chakula chake ni sukari. Punje ya wimbi inapoanza kuota hutengeneza vimeng'enya vinavyoukatakata wanga kuwa sukari ili kuulisha mche mchanga. Mpishi huuachia mche uanze, kisha huukatiza kwa jua na kuvichukua vimeng'enya hivyo kwa kazi yake. Kanuni hiyo ndiyo inayotumika kwa shayiri katika kiwanda cha bia cha Ruaraka, na ndiyo wanayotumia Wachaga wa Kilimanjaro wanapotia ulezi ulioota katika mbege yao ya ndizi. Ulezi wa Tanzania ndio wimbi wa Kenya.

Wimbi hulowekwa kwa siku moja, humwagwa maji, kisha hutandazwa na kufunikwa kwa gunia lenye unyevunyevu kwa siku mbili au tatu. Vijizizi vyeupe vikionekana kila mahali, huanikwa mpaka ikauke kabisa na kupelekwa kusagwa. Mgeni hukosea mara tatu hapa. Kwanza, huiacha mpaka majani mabichi yachomoze, na kufikia hapo mche umekwisha kula sukari iliyokusudiwa kuwa pombe. Pili, huirundika badala ya kuitandaza, nayo huota joto katikati na kuingia ukungu. Tatu, huianika ndani ya nyumba wakati wa mvua za Aprili. Wakazi wa magorofa ya Kayole, Umoja na Pipeline hawana ua wala uwanja, hivyo hupanda na karai zao hadi juu ya paa, penye kamba za nguo, na kugombea jua na wafuaji.

Wako wanaotumia mtama badala ya wimbi. Hao wanapaswa kujua kwamba mtama unaoota hubeba kemikali inayoweza kutoa sumu ya sianidi, hasa katika mizizi na machipukizi. Ndiyo sababu wajuzi huukausha barabara, wakaupukuchua kwa viganja na kuupepeta mpaka vijizizi vyote vianguke, ndipo waupeleke mashineni. Mgeni aonaye hilo ni urembo wa bure huruka hatua ambayo wazee waliigundua bila maabara.

Kwa nini unga hukaangwa

Unga wa mahindi hukandwa kwa maji uwe donge gumu, hufunikwa na kuachwa siku mbili au tatu mpaka uchache. Kisha hutandazwa juu ya bati pana lililowekwa motoni na kugeuzwageuzwa kwa koleo mpaka uwe chenga za rangi ya kahawia zenye kunukia kama mkate uliobabuka. Wengi huuliza kwa nini unga uliokwisha kuchacha urudishwe motoni.

Jibu ni kwamba wanga mbichi ni mgumu kwa vimeng'enya vya kimea. Moto huupasua na kuulainisha ili vimeng'enya viuingie. Uchachu wa siku zile za kwanza nao hauendi bure, kwa kuwa asidi inayobaki katika chenga huvizuia vijidudu vingi vya magonjwa visistawi ndani ya pipa. Chenga zilizokaangwa nusu hutoa busaa nyepesi yenye unga unaotuama chini. Zilizoungua hutoa chungu isiyoondoka hata ukitia kimea maradufu. Hakuna saa ya kupima jambo hili. Ni pua na jicho, na moto wa kuni unaopunguzwa kwa kuvuta kijinga kimoja nje. Mtu anayejifunzia kazi hii juu ya jiko la gesi la chumba kimoja hana budi kukaanga kidogo kidogo, na huenda akashinda siku nzima jikoni.

Bati lenyewe lina hatari yake. Bati la paa lililopakwa rangi au zinki halifai kukaangia chakula. Vivyo hivyo pipa: busaa ina asidi, na asidi huyeyusha zinki ya vyombo vya mabati na kuiingiza katika kinywaji, nayo humfanya mnywaji kutapika na kuumwa tumbo. Lakini lililo baya kuliko yote ni pipa au mtungi wa plastiki uliobeba kemikali za kiwandani, ambao huuzwa rahisi kando ya barabara. Mtungi wa namna hiyo haufai hata ukisuguliwa kwa mchanga na sabuni, maana plastiki hunywa kemikali na kuitoa baadaye. Chombo kilichobeba mafuta ya kupikia au maji ya kunywa kinatosha.

Baridi ya Julai na papara ya mpishi

Chenga zikishapoa hutiwa maji na unga wa kimea ndani ya pipa, zikakorogwa na kuachwa. Neno muhimu hapo ni kupoa. Mgeni akitia kimea katika mchanganyiko ulio moto sana huviua vimeng'enya pamoja na chachu iliyokuja na kimea, halafu hungoja povu lisilotokea. Maji nayo yachemshwe kwanza, hasa katika mitaa ambako mifereji hukauka kwa siku kadhaa na watu hununua maji ya mikokoteni yasiyojulikana yalikotekwa. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na maji huko huchemka yakiwa na joto la nyuzi 95 hivi za Selsiasi badala ya 100. Joto hilo latosha, mradi maji yaachwe yatokote vizuri.

Mwinuko huo huo ndio unaoleta baridi. Aliyejifunzia kazi Kisumu au Busia, kwenye joto, hushtuka anapopika Nairobi mwezi wa Julai, kwa kuwa pombe aliyozoea kuipata kwa siku mbili huenda ikachukua tatu au nne. Wenyeji hulizungushia pipa magunia na blanketi kuukuu na kuliweka mbali na mlango. Wasio na subira huongeza sukari na hamira ya mkate. Sukari na hamira si sumu, lakini kinywaji kinachopatikana si busaa tena. Huwa kikali, chembamba, chenye kuumiza kichwa, na mlevi wake hulewa kabla hajashiba. Busaa ya kawaida ina kileo cha asilimia chache tu, na sehemu kubwa iliyobaki ni uji. Wazee wa Makongeni waliihesabu kuwa chakula cha jioni.

Hewa ya kaboni hutoka kwa wingi wakati wa kuchacha. Kifuniko kilichokazwa hufanya mtungi uvimbe na hatimaye kupasuka, na kisa cha mtungi uliorusha kifuniko usiku wa manane hakikosekani katika mtaa wowote penye wanafunzi wa kazi hii. Kitambaa safi kilichofungwa mdomoni mwa pipa chatosha, kwani huzuia nzi na kuruhusu hewa kutoka. Chumba kilichofungwa madirisha, chenye mapipa kadhaa na watoto waliolala sakafuni, si mahali pa kuchachushia pombe.

Povu likipungua na harufu ikawa ya uchachu mtamu, busaa huchujwa kwa mfuko wa kitambaa na kunywewa siku hiyo au kesho yake. Baada ya hapo bakteria huishinda chachu na kinywaji huelekea kuwa siki. Hakuna ujanja wa kuizuia isipokuwa kuipika kwa kipimo cha wanywaji waliopo. Wateso wao hawachuji. Humimina maji ya moto juu ya nafaka iliyochacha katika chungu na kuvuta kwa mirija mirefu, wakiwa wameketi kukizunguka.

Muratina ya Wakikuyu, inayohitajika hadi leo katika shughuli za mahari, ni ya aina nyingine kabisa. Hutengenezwa kwa asali au maji ya miwa, na chachu yake hukaa ndani ya nyuzi za tunda lililokaushwa la mti uitwao muratina, ambalo hutumika tena na tena. Tunda hilo likiwa bichi ni sumu. Anayeanza huazima tunda lililokwisha kutumika kwa mtu anayemwamini, asije akaenda kuliangua mtini.

Mahindi yaliyooza

Kuna imani iliyoenea kwamba mahindi yaliyoota ukungu, yasiyofaa kwa ugali, yanafaa kwa pombe kwa sababu "yataoza tu hata hivyo". Imani hiyo ni ya hatari. Ukungu wa mahindi huleta sumu ya aflatoksini, ambayo mwaka 2004 iliwaua watu 125 katika maeneo ya Mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, baada ya kula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Sumu hiyo haifi kwa kuchemshwa, haimalizwi kwa kukaangwa, na kuchacha hakuiondoi yote. Humezwa kidogo kidogo na kuliharibu ini pole pole, na pombe yenyewe huliongezea ini mzigo. Gunia la bei ya chini lenye vumbi la kijani au nyeusi si nafuu kwa yeyote.

Sumu isiyotoka kwenye pipa

Mnamo Novemba 2000, zaidi ya watu 130 walifariki katika mitaa ya Mukuru na maeneo jirani ya Nairobi baada ya kunywa kinywaji kilichoitwa Kumi Kumi, kwa kuwa kiliuzwa shilingi kumi. Wengine wengi walipofuka. Mikasa ya aina hiyo ilijirudia Machakos mwaka 2005, katika kaunti kadhaa zikiwemo Embu na Kiambu mwaka 2014, na huko Kangai, Kirinyaga, mwezi Februari 2024, ambako watu 17 walikufa.

Kilichopatikana katika vinywaji vya mikasa hiyo ni methanoli, kemikali itumiwayo viwandani kutengenezea rangi, gundi na viyeyushi. Methanoli ina harufu na ladha inayofanana na kileo cha kawaida, na ni rahisi zaidi kuipata kuliko kupika kwa wiki nzima. Nafaka iliyochachushwa hutoa kiasi kidogo mno cha kemikali hiyo, kisichoweza kuua umati wa watu kwa usiku mmoja. Vifo vya halaiki husababishwa na mtu aliyetia kemikali ndani ya kinywaji ili kiwe kikali upesi, au aliyeuza kemikali yenyewe iliyozimuliwa kwa maji. Tofauti hiyo hupotea kila mara mikasa inapotokea, na mama aliye na pipa la wimbi hukamatwa pamoja na mfanyabiashara wa madramu ya kemikali, kana kwamba kazi yao ni moja.

Methanoli haimwangushi mtu papo hapo. Mwili huigeuza kuwa asidi inayoshambulia mishipa ya macho na ubongo, na dalili zaweza kuchelewa kwa saa 12 hadi 24 au zaidi: kichwa kuuma sana, kutapika, kupumua kwa haraka, na macho kuona ukungu mweupe. Wengi hudhani ni uchovu wa pombe na hulala. Anayeona ukungu baada ya kunywa apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, na wote walionywa naye watafutwe hata kama hawajaugua. Madaktari wana dawa ya kuizuia methanoli isigeuke kuwa asidi, na mashine za kusafisha damu huiondoa mwilini, lakini macho yaliyokwisha kuharibika mara nyingi hayarudi.

Kwa sababu hiyo wapishi wa zamani hawanunui "kiongeza nguvu" chochote kinachotembezwa mtaani kwa chupa isiyo na jina. Wala hawachukui hatua ya kutonesha chang'aa nyumbani, ambayo ina hatari zake za moto na sumu.

Leseni

Sheria imebadilika mara kadhaa. Baada ya Rais Daniel arap Moi kuingia madarakani mwaka 1978, serikali ilianza kampeni kali dhidi ya pombe za kienyeji, na mwaka 1980 ikapitishwa sheria ya kupiga marufuku chang'aa. Upishi haukukoma, ulihamia usiku na kando ya mito, mahali ambapo hakuna anayeuliza pipa lilitoka wapi. Mwaka 2004 kampuni ya Kenya Breweries ilileta bia ya Senator ya mapipa, iliyopunguziwa ushuru, kwa lengo la kuwavuta wanywaji wa kipato cha chini waache vinywaji haramu.

Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, inayojulikana na wengi kama Sheria ya Mututho kwa jina la mbunge wa Naivasha wakati huo, John Mututho, iliondoa marufuku ya 1980 na kukubali vinywaji vya kienyeji, kwa sharti kwamba anayetengeneza au kuuza kileo awe na leseni na atimize viwango vya usafi na ubora. Chini ya Katiba ya 2010, kazi ya kutoa leseni za vileo iko mikononi mwa kaunti. Ada, ukaguzi na sharti la jengo linalofaa ni vigumu kutimizwa na mwenye chumba kimoja cha mabati, hivyo wapishi wengi wadogo wamebaki nje ya sheria iliyokusudiwa kuwaingiza ndani. Anayetaka kuanza aulize kwanza katika ofisi ya kaunti ndogo anakoishi kabla ya kununua hata kilo moja ya wimbi, na mpangaji amwarifu mwenye nyumba.

Baada ya kuchuja, hubaki machicha, ambayo mgeni huyasahau katika hesabu zake. Debe moja la busaa huacha machicha ya kutosha kujaza karai. Wafugaji wa nguruwe na kuku huyachukua, wengine kwa malipo kidogo, mradi mahindi yaliyotumiwa hayakuwa na ukungu na machicha yenyewe yachukuliwe siku ile ile. Yakilala hadi asubuhi, nzi watakuwa wameyaona kabla ya mfugaji, na majirani kabla ya nzi.